Nani Ameajiriwa Kuzitafuta Fedha za Utafiti Vyuoni Mwetu?

Miaka kadhaa iliyopita, mimi na wenzangu wanne tulitumia miezi mitatu kuandaa andiko la utafiti kuhusu maji ya visima katika vijiji vya chini ya Mlima Meru, na siku tisa kabla ya tarehe ya mwisho tukagundua kwamba andiko lile lisingepokelewa hata kama lingekuwa bora kuliko yote. Mfadhili alikuwa wakala wa serikali ya Marekani. Taasisi inayoomba fedha za serikali ile moja kwa moja hutakiwa kuwa na usajili ulio hai katika mfumo wa SAM.gov, na usajili huo hufa usipohuishwa kila mwaka. Usajili wa chuo tulichokuwa tukikitumikia ulikuwa umekufa miezi minne nyuma. Mtumishi aliyeufungua alikuwa amehamia taasisi nyingine, nywila ilibaki katika barua pepe yake ya zamani, na hapakuwa na mtu mwingine aliyejua kwamba kuna kitu cha namna hiyo kinachopaswa kuhuishwa. Kuufufua kulihitaji majuma kadhaa, nasi tulikuwa na siku tisa. Andiko bado ninalo. Kijana aliyekuwa afanye shahada yake ya uzamivu kwa fedha zile alikwenda kufanya kazi benki.

Nimelifikiria tukio lile mara nyingi, na kila ninapolifikiria ninazidi kuamini jambo moja ambalo vyuo vya Arusha na Moshi havijalikubali kwa vitendo. Kutafuta fedha za utafiti kutoka nje ya chuo ni kazi kamili ya mtu aliyeajiriwa, yenye ujuzi wake, kalenda yake na kumbukumbu zake. Sisi tumeiacha mikononi mwa mhadhiri mmoja mmoja, aifanye usiku baada ya kusahihisha majaribio ya wanafunzi mia tatu wa mwaka wa kwanza, kisha tunashangaa kwa nini maandiko yetu ni machache na yanayofaulu ni machache zaidi.

Katika vyumba vya chai vya vyuo vilivyopo kati ya Ngaramtoni na Moshi mjini, maelezo ya hali hii huwa mawili. Wako wanaosema kwamba fedha za utafiti zimekauka duniani, na wako wanaosema kwamba fedha zipo ila taarifa hazitufikii. La kwanza nitalirudia, kwa kuwa lina uzito. La pili naliona si sahihi. Taarifa zinatufikia hadi zinatuchosha. Katika kundi la WhatsApp la wahadhiri, mtu hutuma kiungo cha ruzuku saa nne usiku, wenzake kadhaa huweka alama ya kushukuru, na kufika asubuhi kiungo kimefunikwa na ratiba ya mitihani, michango ya harusi na taarifa ya msiba. Kiungo kimefika, lakini hakuna aliyekisoma hadi mwisho, na hakuna aliyekuwa na wajibu wa kukisoma.

Kusoma hadi mwisho ndiko kwenye kazi yenyewe, kwa sababu tangazo la ruzuku kwa kweli ni hati ya masharti. Chukua matangazo ya Taasisi za Taifa za Afya za Marekani, NIH, ambazo watafiti wengi wa afya wa Moshi wanazifahamu. Katika sehemu ya vigezo vya waombaji huwa pana maelezo mafupi yanayotaja kama taasisi za nje ya Marekani zinaruhusiwa kuomba zenyewe, au zinaruhusiwa kuwa sehemu tu ya ombi la chuo cha Marekani, au haziruhusiwi kabisa. Nimewaona watu wakiandika kurasa kumi kabla ya kufika kwenye maelezo hayo. Kwa upande wa Horizon Europe, programu ya utafiti ya Umoja wa Ulaya ya mwaka 2021 hadi 2027 iliyoanza na bajeti ya takriban euro bilioni 95.5, hali ni tofauti: taasisi za nchi za kipato cha chini na cha kati, Tanzania ikiwamo, kwa kawaida zinaruhusiwa kulipwa na programu hiyo bila mkataba wowote wa ziada kati ya nchi na nchi. Bado nakutana na maprofesa wanaoamini kwamba fedha za Ulaya ni za Wazungu peke yao na kwamba sisi hualikwa kwa hisani.

Hata saa ina maana yake. Maombi mengi ya Horizon Europe hufungwa saa kumi na moja jioni kwa saa za Brussels, ambayo kwetu huwa saa kumi na mbili jioni au saa moja usiku kutegemea majira yao, ilhali NIH kwa kawaida huhesabu saa kumi na moja jioni ya mahali alipo mwombaji mwenyewe. Mtu anayeishika kazi hii kila siku hujua mambo ya namna hii kama karani wa mahakama ajuavyo siku za rufaa. Anayekutana nayo mara moja kwa miaka mitatu hawezi kuyajua, na si haki kumtaka ayajue.

Lakini kusoma matangazo ni sehemu ndogo ya utafutaji, na kwa maoni yangu ndiyo sehemu yenye faida ndogo kuliko zote, kwa sababu tangazo linapotoka wapinzani wako wameshajiandaa. Faida kubwa ipo katika kusoma kinyumenyume: kuanza na fedha zilizokwisha kutolewa. Wafadhili wakubwa wa umma huweka orodha ya miradi waliyoigharamia wazi kwa kila mtu, bila malipo. NIH wana RePORTER, Umoja wa Ulaya una CORDIS, Uingereza ina Gateway to Research. Ukiandika jina la Tanzania, au la ugonjwa, au la zao katika mifumo hiyo, unapata jina la mradi, mtafiti mkuu, chuo, kiasi cha fedha, muhtasari wa kazi, na mara nyingi ofisi au idara iliyoisimamia ruzuku. Mhadhiri mwenye saa mbili za utulivu anaweza kujua ni nani duniani ameshalipwa kwa swali linalofanana na lake, alilipwa na nani, na ni kipengele gani cha swali hilo ambacho hakuna aliyekigusa. Hapo ndipo barua pepe ya maneno mia mbili kwa ofisa wa mfadhili anayesimamia programu husika, yenye wazo lililo wazi na swali moja mahususi, inapopata jibu. Maofisa hao wapo ili waulizwe. Katika mila yetu ya kazi, kumwandikia mkubwa usiyemfahamu huonekana kama utovu wa adabu, na nadhani heshima hiyo iliyowekwa mahali pasipo pake imetugharimu mengi.

Nitoe mfano wa floridi, kwa kuwa ni jambo ambalo mtu wa Arusha halihitaji kuelezwa. Meno yenye madoa ya kahawia ya watoto wa Ngarenanyuki na vijiji vya jirani ni alama ya maji yenye floridi nyingi kuliko miligramu 1.5 kwa lita zinazopendekezwa na Shirika la Afya Duniani, na chanzo chake ni miamba ya volkano ya Bonde la Ufa. Mwaka 2015 Askwar Hilonga wa Taasisi ya Afrika ya Sayansi na Teknolojia ya Nelson Mandela, iliyopo Tengeru, alishinda tuzo ya kwanza ya uvumbuzi wa kihandisi barani Afrika inayotolewa na Royal Academy of Engineering ya Uingereza, pauni 25,000, kwa chujio lake la maji linalotumia teknolojia ya nano. Basi swali la floridi ni letu, na ujuzi wa kulishughulikia tunao. Hata hivyo ukifungua CORDIS utaukuta mradi wa FLOWERED, uliogharamiwa na Umoja wa Ulaya chini ya Horizon 2020, programu iliyotangulia Horizon Europe, kuhusu floridi katika maji na mazao ya Bonde la Ufa la Afrika Mashariki, Tanzania ikiwamo, na utaona kwamba mratibu wake alikuwa Chuo Kikuu cha Cagliari cha Italia. Sina neno baya juu ya Cagliari; walifanya kazi na waliomba kama inavyopasa. Ninachouliza ni kwa nini uratibu usingekuwa Tengeru. Jibu ninaloliamini ni kwamba kuratibu mradi wa Ulaya wenye washirika wa nchi nyingi kunahitaji ofisi yenye watu wanaojua mkataba wa ubia unaandikwaje, taarifa ya fedha inapelekwaje, na nani anasaini nini siku gani, na ofisi hiyo huwezi kuiunda baada ya tangazo kutoka.

Wachagga wa zamani waliochimba mifongo, ile mifereji ya kuteremsha maji kutoka mitoni hadi vihambani, waliisafisha kwa zamu kabla ya maji kuhitajika. Kaya iliyokosa siku ya kazi ilijulikana. Ofisi ya ruzuku ninayoisema ni kazi ya aina hiyo: ya pamoja, ya msimu wa ukavu, isiyoonekana siku maji yanapopita.

Swali moja la utafiti lina milango mingi, na hapa ndipo mtu mwenye ujuzi wa kutafuta anapomzidi yule anayesubiri kiungo. Chukua kahawa. Mtafiti wa Chuo Kikuu cha Ushirika Moshi anayetaka kujua kwa nini vijana wa Rombo na Marangu wanang'oa mibuni anaweza kutafuta ruzuku za ushirika na kukuta chache. Lakini swali hilohilo ni swali la mabadiliko ya tabianchi, ni swali la ajira za vijana, ni swali la masoko. Tena ni swali la Ulaya yenyewe, kwa sababu mwaka 2023 Umoja wa Ulaya ulipitisha kanuni inayozuia kuingizwa sokoni kwake kahawa, kakao na bidhaa nyingine zilizotoka katika mashamba yaliyokata misitu baada ya Desemba 2020, na kanuni hiyo inadai kijulikane kipande cha ardhi ambamo kahawa ilizalishwa. Ni nani atakayeiambia Ulaya jinsi kanuni hiyo inavyotekelezeka katika kihamba cha nusu ekari chenye migomba, mibuni na miti ya kivuli iliyochanganyika, kama si mtafiti wa Kilimanjaro? Mfadhili anayelihitaji jibu lako hakufadhili kwa huruma, na andiko linaloandikwa kwa kujua hivyo lina sauti tofauti kabisa na andiko la kuomba msaada.

Niongeze jambo dogo ambalo huenda si wote watakaokubaliana nalo. Maandiko haya huandikwa kwa Kiingereza, na hilo halitabadilika karibuni. Lakini nimeona mara nyingi kwamba timu inayolijadili swali kwa Kiswahili kwanza, mezani, bila karatasi, hufika kwenye kiini upesi zaidi, kwa sababu katika Kiswahili huwezi kujificha nyuma ya istilahi za wafadhili. Mkulima wa Siha ukimweleza utafiti wako naye akauliza "sasa mtajua nini ambacho sasa hivi hamkijui?", amekufanyia mapitio bora kuliko ya wataalamu watatu.

Sasa nirudi kwa wale wanaosema kwamba fedha zimekauka. Mwaka 2025 uliwapa hoja nzito. Tarehe 20 Januari serikali mpya ya Marekani ilisimamisha misaada ya nje kwa siku 90, na ilipofika tarehe 1 Julai USAID ilikuwa imefungwa rasmi kama wakala unaojitegemea. Tarehe 1 Mei NIH ilitangaza kwamba haitatoa tena ruzuku zenye fungu la ndani linalokwenda kwa taasisi ya nje ya Marekani hadi utaratibu mpya utakapowekwa, na fungu hilo la ndani ndiyo njia ambayo kwa miaka mingi fedha nyingi za utafiti wa afya zimefika Afrika. Februari mwaka huohuo Uingereza ilitangaza kwamba itapunguza misaada yake kutoka asilimia 0.5 ya pato lake hadi asilimia 0.3 ifikapo 2027. Wenye kumbukumbu watakumbuka kwamba mwaka 2021 upunguzaji wa awali wa misaada hiyo uliacha pengo la pauni milioni 120 katika miradi ya utafiti wa kimataifa ya UKRI, wakala wa umma wa Uingereza unaofadhili utafiti, na miradi iliyokuwa ikiendelea ilikatwa katikati.

Mji wa Moshi unayajua haya kwa karibu. Hospitali ya KCMC na chuo chake cha tiba wamejenga ubia wa zaidi ya miongo miwili na Chuo Kikuu cha Duke cha Marekani, na KCMC ilikuwa miongoni mwa taasisi za Afrika zilizopata fedha za mpango wa MEPI ulioanzishwa mwaka 2010 kuimarisha elimu ya udaktari. Ubia huo umezaa watafiti na maabara ambazo Kaskazini nzima inanufaika nazo, na ni urithi wa kulindwa. Hata hivyo, chuo chochote ambacho sehemu kubwa ya utafiti wake inapitia mlango mmoja kinakuwa hatarini siku mlango huo unapofungwa na mtu aliyeko Washington asiyejua hata Moshi iko wapi. Kwa hiyo mwaka 2025 kwangu ni hoja ya kutafuta zaidi, na kutafuta kwa mpangilio. Ramani ya wafadhili, yenye majina ya walio hai, masharti yao, misimu yao na historia ya chuo pamoja nao, ni kinga ya ajira za watu. Bahati mbaya, ramani kama hiyo ikiwapo huwa kichwani mwa profesa mmoja ambaye atastaafu.

Sehemu ya ramani hiyo ipo karibu kuliko tunavyodhani. Tume ya Sayansi na Teknolojia, COSTECH, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1986, inasimamia Mfuko wa Taifa wa Kuendeleza Sayansi na Teknolojia, na imo katika mpango wa mabaraza ya ufadhili wa sayansi barani Afrika ulioanza 2015. Science for Africa Foundation ipo Nairobi, safari ya nusu siku kwa barabara kupitia Namanga. RUFORUM, mtandao wa vyuo vikuu vya kilimo, upo Kampala, na huko huko lipo Baraza la Vyuo Vikuu vya Afrika Mashariki, lililoratibu vituo vya umahiri vya Benki ya Dunia vilivyoanza 2016. Taasisi ya Nelson Mandela ilipata viwili kati ya vinne vya Tanzania, kimoja cha usalama wa chakula na lishe na kingine cha miundombinu ya maji na nishati endelevu. Fedha hizo zilikuwa mkopo ambao nchi italipa, na hilo lingepaswa kutufanya tuulize kwa ukali zaidi kila chuo kilijifunza nini katika kuomba. Na makao makuu ya Jumuiya ya Afrika Mashariki yapo hapa hapa Arusha, ilhali tume yake ya sayansi na teknolojia ipo Kigali na ile ya utafiti wa afya Bujumbura. Ni mhadhiri gani wa Arusha aliyewahi kutumwa na chuo chake kwenda kujua tume hizo zinapanga nini mwaka ujao?

Kwa mhadhiri kijana, ninashauri aanze na kidogo. Ruzuku ndogo za TWAS, Akademia ya Sayansi ya Dunia yenye makao Trieste, au ufadhili wa utafiti wa Humboldt na DAAD wa Ujerumani, hauwezi kujenga maabara, lakini unajenga kitu ambacho wafadhili wakubwa hukitafuta katika wasifu wa mwombaji: ushahidi kwamba aliwahi kukabidhiwa fedha, akazitumia kama alivyoahidi, akatoa taarifa kwa wakati. Na yeyote anayetaka ada ili apokee ombi la ruzuku, kijana amwepuke. Wafadhili niliowataja hapa hawatozi mwombaji ada.

Sasa tuiangalie ofisi yenyewe, maana vyuo vingi vitasema kwamba tayari vina kurugenzi ya utafiti. Vinazo, na nimezifanyia kazi. Kwa sehemu kubwa kurugenzi hizo husimamia: hupokea nakala, hutoa barua za vibali, hukusanya takwimu za machapisho kwa ajili ya taarifa ya mwaka. Mkurugenzi mwenyewe ni mhadhiri aliyepewa cheo kwa miaka mitatu huku akiendelea kufundisha. Ofisi ninayoisema ni ya watu wawili au watatu ambao hawafundishi. Hao hulinda usajili wote wa chuo, wa Marekani na wa Ulaya, kama mhasibu alindavyo vitabu vya hundi. Huweka tayari maelezo ya chuo, ya maabara, ya ulinzi wa takwimu na ya maadili, ili mwombaji asiyaandike upya kila mara. Hujua kwamba utafiti wa afya unahitaji kibali cha maadili cha Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu, kwamba mtafiti mgeni anahitaji kibali cha COSTECH, kwamba wa wanyamapori unapitia TAWIRI pale Njiro, na kwamba tangu Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 kuhamisha taarifa za wagonjwa kwenda nje ya nchi kuna masharti yake. Huweka muda wa vibali hivyo ndani ya ratiba ya mradi, mahali ambapo wengi wetu huandika "mwezi wa kwanza: kuanza kukusanya takwimu" tukijua kabisa kwamba haiwezekani.

Hujua pia njia ya fedha. Katika chuo cha umma, ununuzi unapita mfumo wa NeST na malipo yanapita MUSE, na mfadhili asiyeielewa mifumo hiyo huona uchelewaji wa vitendanishi kama uzembe. Ofisi nzuri hulieleza jambo hilo katika andiko na kupanga ununuzi miezi mingi mapema. Nimeshuhudia mradi uliopoteza msimu mzima wa mvua za masika kwa sababu vifaa vya kupimia udongo viliagizwa Februari. Mvua haikusubiri, na mtafiti aliomba kuongezewa mwaka mzima.

Je, fedha za kuilipa ofisi hiyo zitoke wapi? Zipo ndani ya ruzuku zenyewe, na hapa ndipo ninapoona tunajiumiza wenyewe. Horizon Europe kwa kawaida hulipa asilimia 25 juu ya gharama za moja kwa moja za mradi kwa ajili ya uendeshaji wa taasisi. NIH kwa miaka mingi ilizilipa taasisi za nje ya Marekani asilimia 8. Fungu hilo lipo kwa ajili ya umeme, ukaguzi, uhasibu na ofisi ya aina hii. Katika bajeti zetu mara nyingi tunalipunguza ili tuonekane nafuu, au tukishalipata linaingia katika kapu kuu la chuo na kuishia kwenye mafuta ya magari na posho za vikao. Baraza la chuo linaloweza kuamua kwamba nusu ya fungu hilo ibaki katika ofisi ya ruzuku, na robo irudi kwa idara iliyoshinda, litakuwa limefanya zaidi ya semina kumi za kuandika maandiko.

Vyuo vidogo vitasema kwamba havina fungu lolote la kuanzia. Ni kweli, na kwa ajili yao nina pendekezo. Usa River pana Chuo Kikuu cha Makumira na Chuo Kikuu cha Arusha, na Tengeru ipo jirani kabisa kwenye barabara hiyohiyo. Moshi ina chuo cha tiba cha KCMC, Chuo Kikuu cha Ushirika na Chuo Kikuu cha Mwenge katika mji mmoja. Hakuna sheria inayozuia vyuo vitatu kuchangia mshahara wa mtaalamu mmoja wa ruzuku na mhasibu mmoja wa miradi, kila kimoja kikibaki na jina lake katika maombi yake. Najua ushindani uliopo kati yetu, na najua tofauti za umiliki kati ya serikali na makanisa. Lakini wafadhili wengi wanapenda ubia wa taasisi zenye fani tofauti, na daktari wa KCMC, mchumi wa ushirika na mwalimu wa Mwenge wakilikabili pamoja suala la bima ya afya kwa wakulima wa kahawa wana andiko ambalo hakuna chuo kimoja Ulaya kinachoweza kuliandika.

Kuna pingamizi moja ninaloliheshimu zaidi ya hilo la gharama: kwamba kuwafundisha wahadhiri wetu kutafuta fedha za nje ni kuwafundisha kufuata maswali ya wengine, na kwamba nchi za Afrika, zilizoahidi tangu Mpango wa Lagos wa 1980 kutenga asilimia moja ya pato lao kwa utafiti, zingepaswa kwanza kutimiza ahadi. Zingepaswa, na sauti zetu zisinyamaze juu ya hilo. Lakini nimeona ni nani hasa hulazimika kufuata swali la mwingine. Ni yule anayemjua mfadhili mmoja tu, aliyepata tangazo usiku, mwenye siku kumi na moja za kuandika. Mwenye swali lake, anayewajua wafadhili kumi na masharti yao, huweza kumwambia mmoja hapana.

Horizon Europe inamalizika 2027. Julai 2025 Kamisheni ya Ulaya ilipendekeza programu itakayofuata, ya mwaka 2028 hadi 2034, yenye euro bilioni 175, na hata kama kiasi hicho kitapunguzwa katika majadiliano, itabaki kuwa miongoni mwa mifuko mikubwa ya utafiti duniani. Ubia utakaoomba fedha hizo hauundwi siku dirisha linapofunguliwa. Unaundwa katika miaka inayotangulia, kwenye mikutano, kwa barua pepe, kwa kupeana nafasi katika maandiko madogo. Bajeti za vyuo vyetu za mwaka ujao wa fedha zitapangwa kabla ya hapo, na katika kila rasimu kutakuwa na orodha ya nafasi mpya za ajira. Ningependa wajumbe wa mabaraza, hapa Arusha na kule Moshi, waisome orodha hiyo wakitafuta nafasi moja tu ya ofisa wa ruzuku, na wasipoikuta waulize ni nani atakayehuisha usajili wa chuo chao utakapokwisha.